Ajali iitwe ajali: barua ya wazi kwa wakuu wa ulinzi wa Marekani

Likoni, Mombasa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani, na kwa majenerali wote walio na dhamana ya silaha za nyuklia za nchi hiyo

MINTARAFU: MAJINA YA AJALI ZA SILAHA ZA NYUKLIA, NA WATU WANAOFICHWA NYUMA YA MAJINA HAYO

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mtafsiri wa habari mstaafu. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kupokea taarifa za mashirika ya kigeni na kuziandika kwa Kiswahili kabla ya taarifa ya habari ya jioni, ili mtu wa Kisauni au wa Kwale apate kujua ulimwengu umepitishaje siku.

Barua hii si ya kwanza. Nimekwisha kuandika mara tatu kwa faragha, kwa ofisi ambazo sitazitaja kwa sababu sitaki kumwaibisha karani aliyetimiza wajibu wake. Mara mbili nililetewa karatasi ya kuthibitisha kwamba barua imefika. Mara ya tatu sikuletewa kitu. Ndiyo maana leo naandika mbele ya kila anayesoma Kiswahili.

Jambo lenyewe lilianza na neno moja. Mnamo Septemba 2007 ilifika mezani kwangu taarifa kwamba ndege yenu ya B-52 imetoka kituo cha Minot, Dakota Kaskazini, ikaenda hadi Barksdale, Louisiana, ikiwa na makombora sita yenye vichwa vya nyuklia chini ya bawa lake, na waliomo ndani hawakujua. Vichwa vilitakiwa viwe vya bandia. Kumbe vilikuwa vya kweli. Kwa muda wa saa 36 hivi, silaha sita za nyuklia zilikaa bila ulinzi unaotakiwa, na waliokuwa wakizipita hawakujua wanapita nini. Jeshi lilikuwa na jina la jambo hilo: Bent Spear, yaani mkuki uliopinda. Nilishika kalamu nikashindwa kuendelea. Mama anayesikiliza redio huku akikuna nazi nitamwambia mkuki wa nani umepinda? Mhariri akaniambia niandike "tukio". Nikaandika "tukio". Neno hilo limenikwama kooni tangu siku ile.

Naomba sasa niyaseme malalamiko yangu moja baada ya jingine.

1. Majina yenyewe

Orodha yenu naijua. Broken Arrow, mshale uliovunjika, ni ajali ya silaha ya nyuklia ambayo haielekei kuzusha vita: silaha imeanguka, imeungua, baruti yake ya kawaida imelipuka, au mionzi imemwagika. Empty Quiver, podo tupu, ni silaha iliyoibwa, iliyotekwa au iliyopotea. Bent Spear nimekwisha kuitaja. Dull Sword, upanga butu, ni kasoro ndogo ya usalama. Faded Giant, jitu lililofifia, ni ajali ya mtambo wa nyuklia wa kijeshi au ya mionzi isiyotoka kwenye silaha. Juu ya yote iko Nucflash, ambayo ni mlipuko au tishio la mlipuko linaloweza kuanzisha vita.

Naelewa kwa nini jeshi lina maneno ya mkato. Rubani ambaye ndege yake inaungua hana nafasi ya kusoma ibara nzima, na afisa wa zamu Washington lazima ajue kwa maneno mawili amwamshe nani. Sina ugomvi na lugha ya redio ya kijeshi. Ugomvi wangu ni pale lugha hiyo inapotoka kambini na kuwa ndiyo lugha ambayo umma unaelezwa nayo, au unanyamaziwa nayo.

Sisi watu wa pwani mshale tunaujua. Mshale uliovunjika umekwisha kazi, hata mtoto huachiwa auchezee. Podo likiwa tupu, mwindaji hana la kumtisha mtu. Upanga butu haukati, na mkuki uliopinda haufiki unakotupwa. Ukiitoa Nucflash, kila jina katika orodha yenu linaeleza kitu kilichopoteza nguvu. Ilhali kinachoelezwa ni kinyume kabisa: ni silaha yenye makali yake yote, ambayo imemponyoka mwenyewe. Kwa mtafsiri hilo ni kosa la maana, si la mapambo. Jina limemwambia msikilizaji atulie mahali ambapo alistahili kuuliza.

Liko na jambo zito zaidi. Majina haya ndiyo yanayoamua kipi kihesabiwe. Mwaka 1981 wizara yenu ilitoa muhtasari wa ajali 32 zilizotokea kati ya 1950 na 1980. Ni jambo jema kwamba mliutoa, na natambua si kila dola yenye nyuklia ingethubutu. Lakini nyaraka zenu wenyewe, zilizopatikana baadaye kwa sheria yenu ya uhuru wa habari, zinaonyesha angalau ajali na visa vikubwa 700, vilivyohusu silaha 1,250, kati ya 1950 na 1968 peke yake. Najua havikuwa na uzito mmoja. Kuna silaha zilizodondoka wakati wa kupakiwa, na kuna makombora yaliyopigwa na radi nchini Italia. Hata hivyo, kati ya 32 na 700 hakuna ukuta wowote ila neno: hili ni ajali, lile ni tukio. Na kisa cha Minot, kilichomfanya waziri wa jeshi la anga na mkuu wa jeshi hilo kuondoka madarakani Juni 2008, kwa ngazi za majina yenu hakikufikia kuwa ajali.

2. Mahali panapofutwa

Tarehe 31 Januari 1958, katika kituo chenu cha Sidi Slimane nchini Moroko, ndege ya B-47 yenye silaha ya nyuklia iliyokuwa tayari kwa shambulio iliharibika gurudumu ikiwa katika zoezi, ikijifanya inaruka. Mkia ukagonga lami, tangi la mafuta likapasuka, moto ukawaka. Uliwaka kwa saa saba. Watu wa kituo walihamishwa kwa hofu kwamba baruti ya bomu ingelipuka. Haikulipuka, Mungu alisaidia, lakini mabaki ya ndege na lami ya pale yalipata mionzi.

Moroko ilikuwa haijatimiza miaka miwili ya uhuru. Mwanadiplomasia wenu mmoja aliyekuwa Paris alipouliza kulitokea nini, aliambiwa kwamba kamanda aliamua kufanya zoezi la kuhamisha watu. Na katika muhtasari wenu wa 1981, miaka 23 baadaye, ajali hiyo imo, ila Sidi Slimane haimo. Imeandikwa tu kwamba ilitokea katika kituo cha ng'ambo.

Waheshimiwa, ng'ambo ya wapi? Ukikaa Likoni, ng'ambo ni Mombasa. Ukikaa Mombasa, ng'ambo ni Likoni. Neno hilo halina maana mpaka ujue msemaji amesimama wapi, na katika waraka wenu msemaji amesimama kwenu. Kwa mtu wa Sidi Slimane pale si ng'ambo. Ni nyumbani, ni mahali walipozikwa wazee wake. Mimi ni Mwafrika, na nilipogundua kwamba bara letu limo katika orodha ile pasipo kutajwa jina, ndipo nilipoandika barua yangu ya kwanza.

Japani walitendewa vivyo hivyo. Tarehe 5 Desemba 1965, ndege ya A-4 ilibingirika kutoka kwenye lifti ya manowari ya kubeba ndege, Ticonderoga, ikatumbukia baharini na rubani wake na bomu moja la haidrojeni la aina ya B43. Kina cha maji pale ni kama mita 4,900. Rubani hakuonekana tena, wala ndege, wala bomu. Muhtasari wa 1981 ulisema ajali ilitokea zaidi ya maili 500 kutoka nchi kavu. Mwaka 1989 ikajulikana kwamba ilikuwa kama maili 80 tu kutoka visiwa vya Ryukyu, na kwamba meli ilikuwa njiani kuelekea Yokosuka, katika nchi ambayo miaka miwili baadaye ilitangaza rasmi kwamba haitaruhusu silaha za nyuklia kuingizwa. Huenda aliyeandika maili 500 alikuwa akifikiria bara la Asia, hivi kwamba visiwa vyenye watu havikuhesabika kuwa nchi. Mimi natoka pwani yenye visiwa, na siwezi kulikubali hesabu la namna hiyo.

3. Palomares

Hapa naomba mnivumilie nikae kidogo, maana kila ninacholalamikia kimo humo.

Asubuhi ya tarehe 17 Januari 1966, B-52 iliyokuwa ikirudi kutoka doria ilikuwa ikijazwa mafuta angani juu ya pwani ya Almería, kusini mwa Hispania. Ikagongana na ndege ya mafuta ya KC-135. Watu 11 walikuwa katika ndege hizo mbili, na saba walikufa: wote wanne wa ndege ya mafuta na watatu wa B-52. Mabomu manne ya haidrojeni yakaanguka. Matatu yaliangukia nchi kavu, kandokando ya kijiji cha Palomares, kijiji cha wakulima wa nyanya. La nne lilizama baharini.

Katika mabomu mawili kati ya yale matatu, baruti ililipuka ilipogonga ardhi. Mlipuko wa nyuklia haukutokea. Lakini plutoniamu, madini yenye mionzi yaliyomo ndani ya bomu, ilitawanywa kama unga, na upepo ukaichukua ukaipitisha juu ya nyanya, juu ya mapaa na nguo zilizoanikwa. Plutoniamu ukiigusa kwa mkono haikudhuru sana. Ukiivuta pamoja na vumbi, hukaa katika mapafu na mifupa ikipiga mionzi yake polepole. Huchukua miaka 24,000 hivi hata nusu yake ipungue. Mkulima hakuijua, haina harufu wala rangi inayoonekana, na hakuna aliyemwambia kwa wakati.

Kwa wiki sita serikali yenu haikukiri hadharani kwamba bomu moja limepotea, ingawa manowari zilikuwa zimejaa mbele ya macho ya wanakijiji na wanajeshi wakitembea mashambani na vipimo mikononi. Kukiri kulikuja mwanzoni mwa Machi. Tarehe 8 Machi balozi wenu, Angier Biddle Duke, aliingia kuogelea pamoja na waziri wa Hispania, Manuel Fraga, mbele ya wapiga picha, ili ulimwengu uone bahari ni salama. Siku hiyo bomu la nne lilikuwa bado liko chini ya bahari hiyohiyo.

Aliyesaidia kulipata alikuwa mvuvi, Francisco Simó Orts. Aliona mwavuli ukishuka, na mahali ulipoangukia alipashika kichwani, kwa namna wavuvi wanavyoshika mahali. Nahodha wa hapa kwetu, ukimuuliza mwamba uko wapi, hakupi namba. Anaulinganisha mnara na mnazi, akakuambia: hapa. Wataalamu wenu walichelewa kumwamini. Bomu lilitolewa tarehe 7 Aprili, kutoka kina cha mita 869, karibu na pale alipopaonyesha.

Kisha ikaja kazi ya kusafisha. Askari wenu wapatao 1,600 walipitia Palomares. Tani 1,400 hivi za udongo na mimea zilitiwa katika mapipa yapatayo 4,810, zikasafirishwa hadi Savannah River, Carolina Kusini. Udongo mwingine ulioonekana kuwa na uchafu mdogo ulilimwa tu, ukageuzwa chini. Wakulima waliruhusiwa warudi mashambani. Miongo minne baadaye, wataalamu wa Hispania walipopima upya, walikuta plutoniamu ingalipo. Leo yapo kama mita za ujazo 50,000 za udongo wenye mionzi, na maeneo yenye ukubwa wa kama hekta 40 yamezungushiwa uzio. Oktoba 2015 nchi yenu na Hispania zilitia saini tamko la nia ya kuuondoa udongo huo. Udongo ungali pale.

Na askari waliousafisha? Wengi wao walifanya kazi kwa koleo, bila kinga ya maana, wakaambiwa hakuna la kuogopa. Walipoanza kuugua waliandika barua kwa faragha, kama nilivyoandika mimi, tena wao kwa miongo. Baadhi waliishtaki serikali yao. Sheria ya kuwatambua haikuja mpaka 2022, miaka 56 baada ya ajali, na wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa. Ilipokuja iliwataja pamoja wale wa Palomares na wale wa Thule, Greenland, ambako nitafika hapa chini. Nawapongeza waliopigania sheria hiyo. Lakini haimtaji mkulima wa Palomares, wala mfanyakazi wa Kidenmaki, wala mwindaji wa Greenland.

4. Thule

Hili nitalipitia kwa haraka. Tarehe 21 Januari 1968, miaka miwili na siku chache baada ya Palomares, B-52 nyingine iliyobeba mabomu manne iliungua angani kwa sababu mito ya kukalia ya sponji iliwekwa karibu na tundu la joto. Ilianguka juu ya barafu ya bahari karibu na kituo cha Thule, Greenland. Mtu mmoja kati ya saba alikufa. Baruti za mabomu yote manne zililipuka na plutoniamu ikatapakaa juu ya barafu. Denmaki, yenye mamlaka juu ya Greenland, ilikuwa imetangaza tangu 1957 kwamba haitaki silaha za nyuklia katika ardhi yake wakati wa amani. Mwaka 1995 raia wake wakajua kwamba waziri mkuu wao wa wakati ule alikuwa amewaachia ninyi nafasi kimyakimya. Lawama hiyo si yenu peke yenu. Lakini ndege ile ilibeba silaha ambayo wenye nchi waliambiwa haipo, na ni ajali tu iliyoitoa siri hadharani.

5. Majibu ninayoyatarajia

Mtasema: katika ajali zote hizi, hakuna hata bomu moja lililolipuka kinyuklia. Ni kweli, na wahandisi waliotengeneza vizuizi vya usalama wanastahili heshima. Ila someni hati iliyoandikwa mwaka 1969 na Parker F. Jones, mhandisi wa maabara yenu ya Sandia, kuhusu ajali ya Goldsboro, Carolina Kaskazini, ya tarehe 24 Januari 1961. B-52 ilivunjika angani, watu watatu wakafa, mabomu mawili ya haidrojeni yakaanguka. Moja mwavuli wake ulifunguka, likashuka likiwa limepitia karibu kila hatua ya kujiandaa kulipuka. Jones alieleza kwamba swichi moja sahili ya umeme mdogo ndiyo iliyosimama kati ya Marekani na maafa makubwa. Bomu la pili lilizama katika tope, na sehemu yake yenye urani haikufikiwa mpaka leo. Serikali ilinunua haki juu ya kipande hicho cha shamba ili mtu asichimbe. Hati ya Jones ilifichwa mpaka 2013. Kama usalama ulikuwa wa kutosha, kwa nini maelezo ya mhandisi wenu wenyewe yasubiri miaka 44?

Mtasema pia kwamba haya ni ya zamani, kwamba ndege hazizunguki tena angani na mabomu. Minot ni 2007. Udongo wa Palomares ni wa leo. Bomu lililotupwa baharini karibu na Kisiwa cha Tybee, Georgia, Februari 1958, halijapatikana, na uamuzi wenu ni kuliacha lilipo.

Mtasema siri huwanyima maadui habari. Kabla ya ajali, huenda. Lakini tazameni Damascus, Arkansas. Tarehe 18 Septemba 1980, fundi aliangusha kifaa cha kufungulia nati ndani ya shimo la kombora la Titan II, kikatoboa tangi la mafuta. Saa chache baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 19, kombora lililipuka, mwanajeshi mmoja akafa, na kichwa cha nyuklia cha megatani 9, yaani nguvu ya tani milioni tisa za baruti, kikarushwa nje. Maafisa wa jimbo waliokuwa na jukumu la kuhamisha wananchi waliuliza kama kuna kichwa cha nyuklia pale, na jeshi halikukiri wala kukanusha. Usiku ule aliyenyimwa habari hakuwa adui. Alikuwa polisi wa barabarani na mwenye ng'ombe.

Na mtasema wengine wamefanya mabaya zaidi. Nakubali. Nyambizi K-219 ya Urusi ya Kisovieti ilizama katika Atlantiki Oktoba 1986 na makombora yake ya nyuklia, na Komsomolets ilizama Aprili 1989 ikaua watu 42 na kwenda chini na torpedo mbili za nyuklia. Moscow inastahili barua yake. Hii ni yenu.

6. Sisi wa Mombasa

Nimekulia upande huu wa kivuko. Mwaka 1980 serikali yetu na yenu zilipatana majeshi yenu yatumie vituo vyetu, na bandari ya Kilindini ikawa mahali pa manowari zenu kutia nanga na mabaharia wenu kupumzika. Wenye teksi, wenye mahoteli na wachonga vinyago wa Kikamba walipata riziki. Walikaribishwa, na sijutii kwamba walikaribishwa. Lakini mtu alipouliza kama ndani ya meli zile mna silaha za nyuklia, jibu lilikuwa lilelile mnalolitoa duniani kote: hatukiri wala hatukanushi.

Tuliishi na jibu hilo mpaka Rais George H. W. Bush alipotangaza, tarehe 27 Septemba 1991, kwamba silaha za nyuklia za masafa mafupi zitaondolewa katika meli zenu za juu ya maji. Hapo ndipo ulimwengu wote ulipoelewa kwamba zilikuwemo. Kwa zaidi ya miaka kumi, zimamoto wa bandari yetu, manahodha wa feri na daktari wa zamu katika hospitali kuu ya Pwani wangelazimika kukabili moto melini bila kujua wavae nini na wamhamishe nani. New Zealand iliuliza swali hilohilo mwaka 1985, haikupata jibu, ikaikataa meli yenu, na ikalipia msimamo wake kwa kuondolewa katika ulinzi wa pamoja. Sisi hatukuuliza kwa sauti.

Kanuni zenu zinaruhusu kamanda kukiri kuwepo kwa silaha panapotokea ajali na usalama wa umma ukadai hivyo. Kwenu inawezekana mara moja. Nje ya nchi yenu, kukiri kunasubiri makubaliano na serikali mwenyeji. Moshi hausubiri makubaliano. Na sasa Bunge lenu limeagiza lijengwe kombora jipya la nyuklia la kurushwa kutoka nyambizi za mashambulizi, zile ambazo hutembelea bandari za marafiki. Swali la miaka ya 1980 linarudi, na safari hii nataka liulizwe kabla meli haijafunga kamba.

Ninayoyaomba

Kwanza, muhtasari wa 1981 uandikwe upya, kila ajali na jina la mahali pake kama wenyeji wanavyopaita, Sidi Slimane ikiwa miongoni mwao, na visa vyote vikubwa vilivyowekwa nje kwa sababu viliitwa kwa jina jingine viingizwe.

Pili, kila taarifa ya umma kuhusu ajali ya namna hii itaje kwa maneno ya kawaida kilichoanguka, kilichomwagika, kiasi chake, mahali, na mtu afanye nini na maji, chakula na watoto wake. Itolewe kwa lugha ya wanaoishi hapo. Majina ya redio yabaki redioni.

Tatu, tamko la 2015 juu ya Palomares lipewe tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza.

Nne, haki waliyopewa askari wenu mwaka 2022 ifikishwe kwa raia wa Hispania, Denmaki na Greenland waliofanya kazi au kuishi katika vumbi lilelile.

Tano, mnayo mbele ya Seneti yenu, tangu 2011, itifaki za Mkataba wa Pelindaba unaoifanya Afrika kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia. Mlizitia saini mwaka 1996. Mkataba wenyewe ulianza kufanya kazi Julai 2009. Ziidhinisheni.

Sita, kabla ya chombo chenu chochote cha kivita kuingia bandari ya Afrika Mashariki, mamlaka ya bandari, zimamoto na hospitali wapewe jibu la ndiyo au hapana. Serikali yetu nayo, ambayo kwa Mkataba huo wa Pelindaba ina uhuru wa kuamua juu ya meli zinazotutembelea, naiomba isitoe ruhusa bila jibu hilo.

Nitasubiri. Jibu lenu likifika nitalitafsiri lote bila kupunguza, na nitalisoma kwa sauti pale kivukoni kwa yeyote atakayetaka kulisikia.

Wenu kwa heshima,

Mtafsiri wa habari mstaafu,
Likoni, Mombasa

Nakala: Kamati ya Bunge la Kenya inayoshughulikia ulinzi na mambo ya nje